Nyuma ya Daftari la Poni

Gudele, Juba
12 Mei 2024

Kaka yangu Ezbon,

Salaam nyingi kutoka Gudele. Za mama nimeshazipokea hata kabla hujaziandika, maana najua ameketi hapo karibu nawe anakuuliza unasoma nini. Sisi tunaendelea. Mvua zimeanza, njia ya nyumbani imekuwa matope matupu, na raksha za magurudumu matatu zinatushusha mbali tunamalizia kwa miguu. Paa la jikoni nimeliziba mwenyewe. Mtoto wako Poni yupo. Amerefuka, sketi ya shule ya mwaka jana haimfikii tena magotini.

Nakuandikia kwa kalamu na kumpa Sunday wa basi la Kampala kwa sababu kwenye simu, nikipandisha sauti tu, mtandao wako huanza kukatika. Karatasi haikatiki. Na kama unavyoona, sikuchana ukurasa. Nimekutumia daftari zima. Geuza uangalie nyuma.

Tulipokuwa watoto kule kambini Uganda, nyuma ya daftari palikuwa na jedwali la kuzidisha. Mbili mara mbili mpaka kumi na mbili mara kumi na mbili. Wewe ulilikariri ukichunga mbuzi wa jirani. Sasa angalia walichoweka. Nyumbani 1.85, Sare 3.20, Ugenini 4.10. Odi za mpira, Ezbon. Jedwali la kubeti. Juu yake jina la kampuni, Dafuri, neno lile lile ambalo watoto wa Juba huitia mpira wao wa mtaani. Chini yake maneno mawili ya Kiswahili: "Cheza. Utapata." Kando kuna muhuri wa duara wa serikali: Imeidhinishwa kwa matumizi ya shule. Na ukitafuta kwa miwani utaiona namba kumi na nane, ndogo kama yai la chawa.

Kila mtoto wa shule yetu amepewa manne. Kampuni imetoa bure, na wakubwa walikuja kupiga picha. Hatua thelathini kutoka lango letu kuna kontena la kubeti la rangi ile ile ya jalada, na bango lenye maneno yale yale. Nina hasira, utaona kwenye mwandiko.

Wewe umechapa vitabu miaka kumi na mmoja hapo Kampala. Niambie, ni mtu wa namna gani anaweza kukaa akaliondoa jedwali la kuzidisha kwenye daftari la mtoto?

Dada yako,
Annet


Kampala
9 Juni 2024

Mwalimu wangu Annet,

Daftari limefika likinuka dizeli ya basi la Sunday. Mama hajambo, goti tu linamsumbua asubuhi, lakini akianza kusema majirani wanaona amepona. Anakusalimu na kukuuliza kama unakula. Kazi zipo, bosi wetu Onesmus amenunua mashine mpya na anaipapasa kama ng'ombe wa mahari.

Habari ya madaftari nimeisoma. Usikasirike haraka, dada. Shule ngapi Juba mtoto anaandika kwenye kipande cha boksi? Daftari ni daftari. Kurasa za ndani ni safi, mistari imenyooka, karatasi ni nzito. Mtu akitoa bure madaftari elfu arobaini, si haba kwa nchi ambayo wenyewe mnasema haina chaki. Jalada watoto hawalisomi. Fanya kazi yako, waache wakubwa na muhuri wao. Yaliyopita si ndwele.

Lakini jambo moja. Umeniandikia "Poni yupo". Barua zako zote za nyuma uliandika "Poni hajambo". Mimi na wewe tulilelewa na mama mmoja, na najua tofauti ya maneno hayo. Mwanangu ana nini?

Kaka yako,
Ezbon


Gudele, Juba
23 Juni 2024

Baba Poni,

Salamu kwa mama. Mwambie nakula. Mvua inaendelea, mahindi ya uani yamefika kiunoni.

Nimekwenda kwenye ofisi za serikali siku tatu, nikiacha darasa. Nilimchukua Nyuon, mwanafunzi wangu wa darasa la sita anayetoka kambi ya Mangateen, anibebee boksi la madaftari. Ofisi ya kwanza ikaniambia wao wanahusika na kurasa za ndani, jalada si lao. Ya pili ikaniambia tangazo ni lao likiwa ukutani au redioni, likiwa kwenye daftari ni jambo la shule. Ya tatu hutoa vibali vya kubeti. Wakaniambia wao wanasimamia michezo, hawasimamii vitabu. Nikauliza, basi mtoto ni wa ofisi gani? Karani akacheka, akaniletea kiti.

Siku ya tatu nikampata mudir, mkubwa mwenye ofisi iliyoandikwa kwenye muhuri. Aliligeuza daftari akaniambia, "Ustaza, muhuri huu si wetu. Kuna watu sokoni wanachonga mihuri." Halafu, kabla hajameza mate, akaniambia kwamba hata kama ni wao, sheria imefuatwa, pale chini imeandikwa miaka kumi na nane. Nikamwambia hawa ni watoto wa shule ya msingi. Akamwelekezea Nyuon kalamu. "Na huyu?"

Nyuon ana miaka ishirini. Vita vilimla miaka minane, ndiyo maana anakaa dawati la nyuma magoti yakiwa kifuani. Mudir akasema, "Unaona? Katika darasa lako kuna watu wazima. Daftari ni la hao." Ezbon, walitunyang'anya miaka ya huyu kijana, na sasa ile miaka yenyewe wameifanya kibali.

Nyuon alimjibu taratibu, "Mudir, mimi ni mkubwa, kweli. Lakini hii kitabu ililetwa ya darasa ya sita. Haikuletwa ya Nyuon." Mudir akasema atalishughulikia. "Jibu utapata, Ustaza. Bukra." Hiyo kesho yake ya Kiarabu ndiyo ile ile ya Kiswahili, haifiki.

Sasa turudi kwako. Mimi sikukuandikia ni madaftari mangapi. Sikujua. Hata mwalimu mkuu hajui. Wewe umejuaje ni elfu arobaini? Na kwa nini umeujali uzito wa karatasi kuliko kilichochapwa juu yake? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Habari za Poni utazipata ukinijibu hilo.

Annet


Gudele, Juba
4 Agosti 2024

Ezbon,

Wiki sita. Sunday anasema alikukabidhi barua mkononi na ukaifungua mbele yake. Mama namwombea goti lake. Mahindi yamekomaa, tumeanza kuyachoma.

Sikuwa na haki ya kukuficha, na wewe huna haki ya kunyamaza. Nitaanza mimi. Poni mkono wake wa kulia uko kwenye plasta.

Tangu mwezi wa nne alikuwa akipita kontenani akitoka shule. Halafu akawa anapita asubuhi badala ya shule. Habeti. Anawapigia wanaume hesabu. Mtu anakuja na tiketi ya mechi sita, Poni anazidisha odi kichwani kabla simu haijafunguka, na kumwambia atapata kiasi gani. Wakampa soda na mandazi, wakamwita Kompyuta. Mtoto wa miaka kumi na miwili, Ezbon, mwenye kichwa chako.

Nilipojua nilikwenda kwa Mukasa, mwenye kontena. Ni mtu wa Masaka, mpole, ana picha ya watoto wake juu ya kaunta. Alinitolea karatasi kwenye plastiki. "Mama, mimi iko na kibali. Hapa serikali ilipiga muhuri, hapa tena ilipiga. Mimi hapana ita mtoto, yeye nakuja yenyewe, nasema iko nafanya homuweki ya kitabu." Alikuwa na mihuri mingi kuliko shule yangu.

Jumamosi ya tarehe ishirini Julai, mchana, Gune alikuja nyumbani. Ni mlinzi wa ghala hapa jirani, unaweza kuwa unamkumbuka, alituchimbia choo. Alikuwa ameweka mshahara wa mwezi wote kwenye tiketi moja na tiketi hiyo haikushinda. Alimvuta Poni kutoka mlangoni akaupinda mkono wake mpaka nikausikia. Alikuwa analia huku anaupinda. "Hii mtoto ilisema mimi nitapata. Ilisema kwa mdomo yake!"

Na ni kweli alisema. Alimwambia "utapata" na hesabu ikafuata. Kwake ilikuwa hesabu. Kwa Gune, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu kama sisi wote hapa, ilikuwa ahadi, tena yenye muhuri, maana ndivyo bango linavyosema kila siku anapopita kwenda kazini. Cheza. Utapata. Polisi walimweka ndani siku mbili. Gune alikamatwa kwa sababu ana mkono. Aliyepiga muhuri ana ofisi.

Mfupa utaunga. Lakini tangu siku ile mwanao hataji namba. Ukimuuliza sahani ngapi, anazileta bila kusema. Ukimuuliza ni saa ngapi, anakuonyesha saa.

Sasa zamu yako.

Annet


Kampala
18 Agosti 2024

Dada yangu,

Sina salamu za kupamba. Mama nimemwambia Poni alianguka, na ameniangalia tu.

Ni sisi. Kazi ilikuja kwetu mwezi wa kwanza na Onesmus akaniweka mimi mezani kwa sababu ni mtu wa Juba, nitajua Kiswahili cha watu wetu. Jedwali la kuzidisha nililitoa mimi. Ilikuwa kubofya mara moja, Annet, sikutoka hata jasho. Nilijiambia Juba ni kubwa, hayatafika Gudele. Ulipotuma lile daftari na kuniuliza ni mtu wa namna gani, nilikwenda chooni nikakaa.

Sisi wachapaji hatuwashi mashine mpaka mwenye kazi asaini prufu, ile karatasi ya mwisho ya kujaribia. Akishasaini, kosa ni lake, si letu. Ndiyo desturi, na ndiyo inayotupa usingizi. Niliandika: "Cheza. Ukishinda, utapata." Prufu ilikwenda Juba, kampuni ikaipeleka ofisini kwa mudir wako, ikarudi na wino mwekundu. Neno "Ukishinda" limekatwa kwa mstari. Pembeni ameandika kwa mkono wake, "Maneno mengi. Toa." Chini sahihi yake na jina lake. Muhuri juu yake.

Huo muhuri ni wao, na neno lililomvunja mwanangu mkono limekatwa na serikali kwa sababu lilikuwa refu. Nina hasira mpaka nimegombana na mtu wa chai. Lakini prufu ni mali ya kiwanda. Iko kwenye faili la Onesmus, ikitoka itajulikana nani kaitoa. Goti la mama, kodi, kila kitu hapa kinatoka kwenye meza hiyo. Siwezi kuituma. Niletee Poni Kampala, nitamlea mwenyewe, tusahau mambo ya wakubwa.

Ezbon


Gudele, Juba
1 Septemba 2024

Kaka,

Msalimu mama, na umwambie ukweli kabla sijamwandikia mimi.

Unadhani wewe peke yako ndiwe uliyekaa chooni. Kuna jambo sijakuambia, na sikumwambia mtu, hata padri pale Kator nilipokwenda kuungama. Mwezi wa nne nilikuwa nafundisha desimali. Hatuna vitabu vya hesabu, vilivyobaki vimeliwa na mchwa. Madaftari yalikuwa yamefika wiki ile. Nikawaambia watoto, geuzeni nyuma. Nikaandika ubaoni 1.85 mara 3.20. Poni alinyoosha mkono kabla sijaweka chaki chini. Tano nukta tisa mbili, Shangazi. Nikasema haya, zidisha na 4.10. Akazidisha. Darasa zima likampigia makofi, na mimi nilipiga kuliko wote.

Nilifundisha siku tatu hivyo. Ile "homuweki ya kitabu" aliyoitaja Mukasa niliitoa mimi.

Ndiyo maana niliandika "yupo". Ndiyo maana nilizunguka ofisi zao kama kichaa. Nilitaka mtu mwingine awe na kosa lote, na nilitaka awe mkubwa.

Sasa nimelitaja langu. Mimi nililifundisha jedwali, wewe ulilichapa, Gune alipinda mkono, Mukasa alifungua kontena. Sote tuna majina. Mmoja tu anasema hakuwepo, na ndiye aliyepewa kazi ya kutuzuia sisi wote. Sitamleta Poni Kampala akajifiche na wewe. Nataka ile karatasi.

Annet


Kampala
22 Septemba 2024

Annet,

Mama anajua. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama nimeshaituma. Nikasema bado. Akasema yeye goti lake lilitembea kutoka Kajo-Keji mpaka mpakani na mimi nikiwa mgongoni, hataki kulifanya sababu.

Hii hapa. Nimeitoa, faili likiwa wazi mezani na Onesmus akiniona. Alichukua funguo za droo yangu.

Ezbon


Gudele, Juba
20 Oktoba 2024

Kaka yangu mpendwa,

Nimesikia umepata kibarua cha kuchapa fulana, na mama nimeongea naye. Kwake sina la kuongeza. Huku mvua zinaelekea kuisha. Mkono umefunguliwa plasta, ni mwembamba lakini unashika kalamu. Poni yupo. Neno lile lingine siliandiki bado.

Prufu niliipeleka. Mudir aliiangalia sana, na niliona amejijua. Hakusema ni ya kughushi. Hakuuliza mtoto niliyemsimulia alitibiwa hospitali gani, wala hakueleza neno lile alilikata kwa nini. Aliuliza, "Nani amekupa hii?" Nikamwambia nimekuja kuuliza, sikuja kuulizwa. Akaiweka kwenye droo, akafunga. "Jibu utapata, Ustaza."

Alidhani ni moja. Nilikuwa nimetoa nakala sitini njiani. Moja iko kwenye ubao wa matangazo wa parokia, moja kwa kila mzazi wa darasa la sita, mbili Nyuon alizipeleka Mangateen akawasomea watu kwa lugha yao. Gune alikuja mwenyewe kuomba yake. Aliishika juu chini akaniuliza neno lililokatwa linasemaje. Nilipomwambia, aliketi kwenye ngazi yangu. Sijamsamehe, lakini maji nilimpa.

Wazazi wakajaa ofisini kwa mudir siku mbili mfululizo. Siku ya tatu alikuja tarishi shuleni na agizo la mdomo, halina karatasi, halina sahihi. Walimu wabandike karatasi juu ya jalada la nyuma. Gundi tujitafutie. Bango na kontena vibaki, hayo ni mambo ya ofisi nyingine. Nilimwambia tarishi aniandikie. Akasema yeye katumwa kusema tu. Kwa hiyo serikali yetu ilitumia muhuri kuweka sumu, na kuitoa imetumia mdomo. Wiki ijayo tunarudi kwa ajili ya bango, na wazazi wa shule mbili za jirani wamesema watakuja.

Ijumaa tulibandika. Nilipika uji mzito wa unga kwa gundi, Nyuon akakata karatasi, kila mtoto akaandika jedwali lake mwenyewe la kuzidisha. Poni aliketi mwisho wa benchi. Aliandika la mbili, la tatu, mpaka la saba, polepole, mkono ukimuuma. Ikafika saba mara nane akasita. Alikaa hapo mpaka wenzake wamemaliza.

Akaniita. Ni mara ya kwanza tangu Julai namsikia akitaja namba. "Shangazi, saba mara nane ni ngapi?"

Anajua, Ezbon. Alikuwa anajua akiwa na miaka mitano. Alitaka mtu mwingine aitamke. Nikamwambia ni hamsini na sita.

Akasema, "Na mtu akiniamini, halafu asipate?"

Nikamwambia hii si ile. Saba mara nane ni hamsini na sita, ushinde usishinde, na hakuna mtu atakayekuja mlangoni kukudai. Akaniangalia kuona kama namdanganya, kama anavyowaangalia watu wazima wote sasa. Halafu akaiandika.

Dada yako,
Annet